Kuwapeleka Watoto kwa Anita

Hakuna aliyemwomba Wacera awapeleke watoto Mombasa. Alijitolea mwenyewe, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, na maneno yalipomtoka alishangaa yeye kama alivyoshangaa mumewe.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Agosti, asubuhi ya ukungu, zile asubuhi ambazo Nyeri nzima huamka imejifunika na haijifunui mpaka saa sita. Mutahi, mume wake, alikuwa ameshuka kutoka mlimani jana yake. Kazi yake ilikuwa kuwabebea wageni mizigo kutoka Naro Moru hadi kambi za juu, na Agosti ndio mwezi wa kazi. Alikuwa ameketi kando ya jiko, miguu ndani ya beseni la maji moto, simu yake ilipolia. Akatazama jina, akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena.

"Si ushike?" Wacera akasema.

"Ni Anita."

Anita ndiye aliyewazaa watoto. Miaka saba iliyopita aliondoka Naro Moru akisema anaenda Mombasa kufanya kazi mwezi mmoja, akamwacha Murugi na miaka mitano, na Ben akiwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mwezi ukawa mwaka. Mutahi alimngoja mwaka wa pili pia, halafu akaacha kungoja. Akamwoa Wacera, aliyekuwa akifuma sweta za shule katika kibanda chake mjini Nyeri, wakapanga nyumba mtaa wa Skuta, wakalea watoto kama watu wengine wanavyolea. Anita hakusikika tena. Kisha, tangu Pasaka, akaanza kupiga simu. Mara hii, Mutahi alipoishika hatimaye, Anita alikuwa na ombi moja tu: awaone watoto, hata kwa siku moja.

Mutahi aliiweka simu chini. "Mimi siteremki Mombasa," akasema. "Niko na wageni mpaka mwisho wa mwezi. Na hata kama singekuwa nao, siendi. Na hawa hawaendi peke yao."

"Nitawapeleka mimi."

Mutahi akamwangalia. "Una uhakika?"

"Sina," Wacera akasema, akageukia sufuria.

Baadaye alijaribu kujieleza sababu. Labda ni kwa kuwa Murugi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa umefungika kabisa. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili sasa. Alipewa jina la mama yake Mutahi, kama desturi yao inavyotaka, kwa hiyo Wacera alizoea kumtania kwa kumwita mama mkwe, naye alikuwa akicheka. Lakini yeye alimwita Wacera "anti", tangu siku ya kwanza mpaka siku hiyo. Ben ndiye aliyemwita mami, kwa sababu hakumkumbuka mama mwingine.

Kulikuwa na jambo ambalo Wacera hakumwambia mtu. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, na alikuwa ameacha kutumaini ya tatu. Hawa wawili ndio watoto aliokuwa nao. Na sasa alikuwa amesema, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba atawashika mkono awapeleke kwa mwenye nao.

Alimpigia Anita simu yeye mwenyewe jioni ile. Hawakuwa wamewahi kuzungumza. Sauti ya Anita ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeongea akiwa kazini akiogopa kusikika. Alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya watalii. Walikubaliana Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye bichi ya umma kule Bamburi, kwa sababu watoto watataka kuona bahari. Wacera, aliyezoea kuandika vipimo vya kila mtu anayekuja kibandani, alimwuliza pia mahali anapoishi, akaandika: Kisauni, nyuma ya msikiti wa kijani, ploti ya milango ya bluu.

Pa kulala alipata kwa Saumu, jirani yake wa kibanda aliyeuza leso na madira. Saumu alizaliwa Majengo ya Nyeri, na dada yake Aaliya aliolewa Mombasa zamani.

"Hoteli ya nini, na dadangu ako huko na chumba tupu?" Saumu akasema. "Nitampigia saa hii."

Waliondoka Jumatano, wakalala Nairobi kwa binamu yake Wacera, na Alhamisi asubuhi wakapanda treni. Ben hakutoka dirishani. Tsavo walipoona tembo, wekundu kwa vumbi, alipiga kelele behewa zima likageuka. Murugi alikaa mkabala nao, begi mapajani, kama mtu atakayeteremka kituo kinachofuata.

Aaliya aliwapokea mlangoni kwake akiwa amevaa sweta.

"Karibuni, karibuni jamani. Mwaona baridi iliyoko? Kusi ya mwaka huu imezidi."

Watoto walimwangalia, jasho likiwatiririka mashavuni, kisha wakaangaliana, na Murugi akacheka. Ndiyo mara ya kwanza Wacera alimwona akicheka tangu ile Jumapili. Aaliya alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mjane mwenye watoto wakubwa waliokwisha kuhama. Aliwapikia mbaazi za nazi na mahamri, na Ben alipomwambia, "Hii maharagwe ni tamu sana," hakumsahihisha, alimwongezea tu.

Ijumaa aliwapeleka kuona bahari kutoka juu, pale meli zinapoingilia bandarini. Wacera alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwahi kuiona. Alisimama akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Hakuwa amefikiria kwamba itakuwa kubwa kuliko mlima. Mlima unauona wote, kilele mpaka chini, ukungu ukiondoka. Hii haikuwa na mahali pa kuishia, na alijiuliza atawezaje kuwachunga watoto wawili wa watu mbele ya kitu kama hiki.

Jumamosi walifika Bamburi saa tatu na nusu. Maji yalikuwa yamekupwa, yameacha mchanga mpana wenye majani ya baharini na vidimbwi. Ben alivua viatu, akakimbia. Aliporudi alikuwa na swali.

"Mami, hii maji inaenda halafu inarudi. Kwani mto hii haijui inaenda wapi?"

"Si mto, ni bahari."

"Lakini mbona inarudi?"

Wacera hakujua, akamwambia aulize baba yake. Alitandika leso aliyopewa na Saumu karibu na mwanamke aliyeuza mhogo wa kukaanga, mahali ambapo wangeonekana kirahisi. Murugi aliketi ukingoni mwa leso. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vyeusi vya shule, alivyovipiga rangi usiku. Hakuvivua.

"Vua, mchanga utaingia."

"Niko sawa, anti."

Saa nne ikafika. Watu walianza kujaa. Familia nzima nzima, wasichana wa shule na mwalimu wao, wanaume wanaokodisha tyubu za magari za kuogelea nazo. Kila mwanamke aliyekuja peke yake kutoka upande wa barabara, Murugi alinyoosha mgongo. Mwanamke alipopita, mgongo ulilegea. Saa nne na nusu. Saa tano. Wacera alipiga simu. Ikalia bila kushikwa. Maji yalianza kurudi, na Ben akawa anacheza nayo, anayafuata na kuyakimbia. Wimbi moja likampiga usoni. Alikuja akilia, amefumba macho, mikono mbele kama kipofu, "Mami! Mami, inauma!" Wacera akamkimbilia mpaka maji yakamfika magotini, yeye aliyekuwa anayaogopa, akamwosha uso kwa maji ya chupa, akampuliza macho, akamfuta kwa ncha ya sketi yake mpaka akatulia.

Waliporudi kwenye leso, Murugi hakuwa anaangalia barabara tena.

Saa saba simu ikaingiza ujumbe. *Samahani nimezuiwa kazini. Waambie nawapenda. Labda siku nyingine.* Wacera aliusoma mara mbili, kisha akampa Murugi ausome mwenyewe, kwa sababu hakuona njia nyingine iliyo ya haki.

Murugi aliirudisha simu. "Si ulijua?" akasema.

"Nilijua nini?"

"Ati hatakuja. Ulijua. Ndio maana ulikubali kutuleta." Sauti yake ilianza kupanda. "Ndio turudi nyumbani tusiwahi kuuliza tena. Umefurahi sasa, anti?"

Mwanamke wa mhogo aligeuza uso akajifanya anapanga ndimu zake. Wacera alitaka kusema hapana, akashindwa. Kwa sababu ule ujumbe ulipoingia, kabla hajauelewa vizuri, kuna kitu ndani yake kilikuwa kimetulia, kama mtu aliyetua mzigo. Alikiona kitu hicho waziwazi na akaona aibu. Akamwambia Murugi, "Sikujua. Lakini pole." Wakakunja leso.

Usiku ule hakuna aliyekula vizuri isipokuwa Ben.

Asubuhi Wacera alimwambia Aaliya kila kitu, wakiwa wanachambua mchele uani. Aaliya alisikiliza bila kukatiza, kisha akasema, "Niachie watoto. Enda ukamtafute."

"Na kama hataki?"

"Akwambie usoni kwamba hataki. Ujumbe wa simu si jibu, mwanangu."

Alichukua tuktuk mpaka Kisauni. Msikiti wa kijani ulionekana kwa mbali, na nyuma yake, mwisho wa kichochoro, palikuwa na ploti ya milango ya bluu. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alimwonyesha mlango wa tatu bila hata kumwuliza yeye ni nani. Wacera alibisha.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba, mrefu, macho yamevimba. Wacera alimjua papo hapo, kwa kuwa alikuwa na paji la uso la Murugi, na jinsi ileile ya kusimama na bega moja juu kidogo kuliko lingine.

"Mimi ni Wacera."

"Najua," Anita akasema. "Nilikuona jana."

Walisimama wakitazamana. Kisha Anita akaondoka mlangoni ili mwenzake apite.

Chumba kilikuwa kidogo na safi mno. Kitanda, stuli, jiko la mafuta, ndoo mbili. Kitandani kulikuwa na nguo mpya zimekunjwa: kaptura na fulana ya mvulana, na gauni la manjano la msichana, lenye pindo la maua. Wacera aliketi kwenye stuli. Anita akabaki amesimama, mikono yake, iliyochubuka kwa sabuni, imeshika ubao wa kitanda.

"Nilifika saa tatu," akasema. "Mimi nilifika mbele yenu. Nilikaa kwa ule ukuta wa juu, ndio niwaone wakikuja. Niliwaona. Murugi nilimjua, hata kama amekuwa mrefu. Nikasema, wacha nipumue kidogo halafu niende. Nikawa napumua tu." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Halafu Ben akaingiwa na maji kwa macho. Akakuita. Ukakimbia na nguo zako zote mpaka ndani ya maji. Nikasema, sasa mimi naenda kufanya nini pale? Kumwambia nini? Ati mami si huyo, mami ni mimi? Mtoto ako na mama. Nikarudi nyumbani."

Wacera alizitazama zile nguo kitandani.

"Rudi nao," Anita akasema. "Waambie kazi ilikataa. Si vibaya. Wewe umewalea vizuri, hata mtu akiwa mbali anaona. Sitawasumbua tena."

Maneno hayo Wacera aliyasikia yakimwingia moja moja. Hayo ndiyo aliyoyatamani, usiku baada ya usiku, tangu Pasaka. Alikuwa ameletewa kila alichokitaka, na hakutakiwa kufanya lolote ila kusimama, kusema asante, na kutoka kwa ule mlango wa bluu.

Alinyoosha mkono akachukua gauni la manjano. Akalifungua juu ya mapaja yake, na jicho lake likafanya kazi liliyozoea.

"Hili ni la mtoto wa miaka tisa," akasema.

Anita alilitazama kama anayeliona mara ya kwanza.

"Murugi kifua ni inchi ishirini na tisa. Na miguu ni mirefu, ametoa kwa baba yake." Aligeuza gauni ndani nje, akapapasa mshono wa ubavuni, akapapasa pindo. "Lakini waliacha kitambaa cha kutosha huku ndani. Pindo linashuka. Ubavuni tunaweza kupata inchi moja na nusu. Uko na sindano?"

Anita aliipata sindano ndani ya mkebe wa chai, na wembe wa kufumulia. Aliketi kitandani. Wacera alifumua, akimpa upande mmoja ashike, na kwa muda hawakusikia ila wembe ukikata nyuzi na redio ya jirani.

"Jana alikaa na viatu karibu masaa manne," Wacera akasema, macho yakiwa kwenye mshono. "Nikamwambia avue, akakataa. Alitaka ukifika asimame mara moja, asianze kutafuta viatu. Halafu ulipoandika ule ujumbe akanigeukia mimi. Kwa hivyo usiniambie ati watoto wako na mama na mambo imeisha. Ben, sawa. Ben ni mdogo, atacheza na yeyote. Huyo mkubwa amekungoja miaka saba. Mimi siwezi kungojewa hivyo, na siwezi kumwondolea huko kungoja. Nimejaribu."

Anita alikuwa analia kimya, gauni bado mkononi.

"Ataniuliza kwa nini nilienda."

"Atakuuliza."

"Nitamwambia nini?"

"Kwani ni kwa nini?"

Anita alifuta macho kwa kiganja. Alieleza polepole, akirudi nyuma, akiruka mahali. Baada ya kumzaa Ben hakuwa analala. Alimsikia mtoto akilia hata alipokuwa kimya. Mutahi alikuwa mlimani wiki baada ya wiki, na pale Naro Moru kila mtu alimwambia ni uchovu, utaisha. Siku moja alikuwa ameenda kuteka maji mtoni, Ben yuko mgongoni, akajikuta amesimama pale kwenye kina, hajui amesimama muda gani. Alijiogopa. Wiki hiyohiyo rafiki akamwambia kuna kazi Mombasa. Alidhani akienda mbali nao mwezi mmoja watakuwa salama, na yeye atapona. Alipona, lakini ilichukua karibu miaka miwili na dawa za kliniki, na alipopona alisikia Mutahi ameoa. Baada ya hapo ilikuwa aibu tu. Kila mwezi aliokaa kimya ulifanya mwezi uliofuata kuwa mgumu zaidi.

Wacera alikata uzi kwa meno. Kwa miaka mitano alikuwa amembebea mwanamke huyu hasira, hasira nzuri yenye manufaa, iliyomsaidia kuamka asubuhi za baridi kuchemsha maji ya watoto wake. Sasa aliitafuta hasira hiyo hakuipata yote.

"Mwambie hivyo," akasema. "Amefika umri wa kuelewa nusu yake. Nusu ile nyingine ataelewa baadaye. Vaa viatu, twende."

Walifika kwa Aaliya alasiri, adhana ikiisha. Ben alikuwa uani akimwonyesha Aaliya kaa aliyetoka naye bichi, yumo kwenye kopo. Alimtazama mgeni, akasimama, akafuta mkono kwenye kaptura na kuunyoosha kama alivyofundishwa kusalimia wageni wa baba.

"Wewe ndiye Anita?"

"Ndiyo mimi."

"Kaa akikuuma unafaa kufanya nini?"

Anita alichuchumaa mbele yake. "Unamweka kwa maji. Akiona maji anaachilia."

Ben alitafakari jibu hilo, akaona linafaa, akamwonyesha kopo.

Murugi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Hakukimbia, wala hakurudi ndani. Anita alimkaribia na lile gauni mikononi, na kila alichokuwa amepanga kusema kikampotea.

"Nilikukosea saizi," akasema. "Wacera amelishusha."

Murugi alilichukua gauni, akaona mstari pale pindo la zamani lilipokuwa. Akaweka kiganja chake hewani, chini ya kifua chake, kuonyesha kimo cha mtoto. "Ulidhani niko hivi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ulienda?"

Aaliya alimshika Ben mkono akamwambia waende dukani wakanunue barafu za juisi. Wacera alitaka kuwafuata, lakini Murugi alimtupia jicho, na jicho hilo lilimwambia abaki. Kwa hiyo alibaki, ameegemea ukuta wa ua, akasikia Anita akimweleza binti yake yaleyale aliyomweleza yeye, kwa maneno machache zaidi, bila kujitetea. Alisema pia kuhusu jana na ule ukuta wa juu. Alisema, "Ule ujumbe ulikuwa uwongo. Sikuwa kazini. Niliogopa."

Murugi hakumkumbatia. Alisikiliza mpaka mwisho, akilizungusha gauni mikononi, kisha akasema kwa sauti ya chini lakini ngumu, "Ungeandika hata barua moja. Mimi nilikuwa najua kusoma." Akaingia ndani. Walimsikia akilia kule chumbani, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, na Anita alikaa chini palepale kizingitini, nje ya mlango, hakuingia na hakuondoka. Alikaa mpaka kilio kikaisha. Hata baada ya hapo alikaa. Mwishowe Murugi akatoka, akaketi upande wa pili wa kizingiti, katikati yao nafasi ya mtu mmoja, na Aaliya aliporudi aliwapa kila mmoja barafu yake bila kuuliza lolote.

Jumatatu Anita aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote baharini. Haikuwa siku ya furaha kama zile ambazo watu huzipiga picha. Murugi alimjibu mama yake kwa neno moja moja, na mara mbili alimsahihisha alipokosea darasa analosoma. Lakini alasiri, Wacera akiwa ameketi kwenye leso, msichana alikuja akasimama mbele yake, maji yakimdondoka.

"Anti, nataka kulala kwake leo. Mimi peke yangu. Ben abaki na wewe."

Treni yao ilikuwa kesho yake, saa mbili asubuhi. Mawazo yote mabaya yalimjia Wacera kwa pamoja: kwamba hatarudi, kwamba wataachwa na treni, kwamba Mutahi atauliza yuko wapi mtoto. Alimwangalia Anita, aliyekuwa akikung'uta mchanga kwenye miguu ya Ben na kujifanya hasikii.

"Saa moja kamili muwe stesheni," Wacera akasema.

Hakulala. Saa kumi na moja alikuwa amefunga mabegi. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa stesheni na Ben, amesimama mahali anapoona kila gari linaloingia. Saa moja ilifika, ikapita kwa dakika tano, dakika kumi. Ben aliuliza kama wanaweza kula mayai. Dakika ya kumi na mbili tuktuk ikasimama, wakashuka wote wawili, Murugi ndani ya gauni la manjano linalombana kidogo mabegani, nywele zimesukwa upya, mistari haijanyooka.

"Amenisuka mpaka saa sita," Murugi akasema. "Amesahau kusuka."

"Nimesahau," Anita akakubali.

Waliagana kwa mikono. Anita alimshika Ben kichwa, akambusu, naye akavumilia. Murugi alisimama akiangalia chini, kisha akamwegemea mama yake kwa bega, kidogo tu, akajiondoa. Wacera na Anita hawakujua waagane vipi. Mwishowe Anita alisema, "Wacera, asante," na Wacera akamwambia, "Ukipiga simu, nipigie mimi. Mutahi nitaongea naye."

Treni ilikuwa imepita Mazeras, Ben amelala amejikunja, Murugi alipozungumza. Alikuwa anaangalia dirishani.

"Anakoroma," akasema. "Hata wewe unakoroma, lakini yeye zaidi."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma, anti. Muulize baba." Akageuka kutoka dirishani. "Nilimwuliza kama naweza kurudi Desemba. Akasema nikuulize wewe."

Nje, minazi ilikuwa imeanza kwisha na nchi kukauka. Wacera aligundua kwamba ameshika kona ya begi la msichana kama alivyoushika ule ukuta wa baharini. Akaiachilia.

"Desemba niko na kazi nyingi," akasema. "Sweta za Januari. Lakini wiki ya Krismasi hakuna mtu ananunua."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tutarudi."

"Utanileta wewe?"

"Nani mwingine? Baba yako anaogopa joto."

Murugi akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akapandisha miguu kwenye kiti. Muda si mrefu Ben akaamka, akasema anataka choo, na ni sasa hivi, na Wacera akasimama kumpeleka.